Sababu ya Safari: Ng'ombe

Kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikijaza fomu za watu wengine mjini Garissa. Nina duka la saiba lenye kompyuta nne, mashine ya kutoa nakala, na feni inayopiga kelele kuliko inavyopuliza. Mtu anaingia, anakaa, ananipa kitambulisho, nami naandika. Pasipoti, hija, mikopo ya chuo, kitambulisho kilichopotea, kitambulisho ambacho hakijawahi kutolewa. Ukiifanya kazi hii muda mrefu unaanza kuwadharau wanaotunga fomu. Aliyebuni kile kisanduku cha "jina la ukoo" hajawahi kukutana na Msomali, ambaye ana jina lake, la baba yake na la babu yake, na mambo yamekwisha. Aliyeandika "tarehe ya kuzaliwa" hajui kwamba wazee wetu wote walizaliwa tarehe moja Januari, kwa sababu karani fulani alichoka kuuliza maswali.

Kwa hiyo eddo aliponiletea wazo lake la kwenda Nepal, dharau yangu ilikuwa imeshaiva zamani.

Eddo ni shangazi, dada ya baba. Huyu wangu alizaliwa Hadado, akaolewa Eldas, akafiwa na mume, akaja Garissa na mitungi miwili ya maziwa ya ngamia. Sasa ana wanawake wanaomuuzia sokoni, naye kazi yake ni kukaa kwenye kiti cha plastiki na kuonja. Anaonja maziwa ya kila mtungi, na akitema, mtungi huo unarudi ulikotoka. Kwetu shangazi na mpwa huitana kwa neno moja, kwa hiyo mimi namwita eddo naye ananiita eddo, na asiyetuzoea hudhani tunagombania cheo.

Siku hiyo aliingia dukani, akamwondoa mteja kwenye kiti kwa kumtazama tu, akanionyesha simu. Mtu alikuwa amemtumia video. Ng'ombe weusi wenye manyoya marefu yanayoburura chini kama sketi, nyuma yao theluji, na mwanamke amechuchumaa anakamua.

"Hii ni nini?" aliniuliza.

"Wanaitwa yaki."

"Wako wapi?"

Nikatafuta. "Hawa wako Nepal. Nchi ya milima, juu ya India."

"Huyo mwanamke anakamua vibaya," alisema. "Anavuta kama anayeng'oa kitu. Tunafikaje huko?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Mwanawe wa kwanza, anayefanya kazi Uarabuni, alipopata habari alipiga simu kuahidi kumpeleka Umra mara ya pili, au Dubai akatembee kwenye maduka, popote pale isipokuwa huko. Eddo alimjibu kwamba hija ameshakwenda, Mungu anamjua, na duka ni duka hata liwe na ngazi zinazopanda zenyewe. Alitaka kuona jinsi wanyama wanavyofugwa mahali pa baridi, kwa macho yake, kabla magoti hayajakataa. Amefuga maisha yake yote kwenye joto na vumbi, na hakuamini kwamba inawezekana kwenye barafu. Alidhani video ile ni ya uongo.

Tulianza kwa wakala wa safari Nairobi, mtu wa kwetu, mwenye ofisi Eastleigh na picha kubwa ya mlima ukutani. Alituamkia kwa heshima, akaagiza chai, akaanza kutaja. Barua ya mwaliko yenye muhuri kutoka kwa mwenyeji wa kule. Taarifa ya benki ya miezi sita. Hati ya ndoa. Barua ya mwajiri inayothibitisha kwamba utarudi kazini. Hoteli ya siku zote iliyolipiwa. Na ada yake yeye, kwa kuwa, alivyosema, faili kama hilo linahitaji mtu wa kulisukuma.

Eddo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mume wangu amekufa na mwajiri wangu ni ngamia," alisema. "Nani kati yao aandike barua?"

Yule wakala alitabasamu kwa upole wa kitaalamu. "Eddo, Nepal ni ngumu kwa watu wetu."

"Umewahi kwenda?"

"Hapana."

"Umewahi kumpeleka mtu?"

"Bado."

Eddo akaiacha chai yake, akasimama. Kwenye ngazi aliniambia kwamba wauza mbuzi wa Garissa hudanganya pia, lakini angalau mbuzi huwa yupo.

Nilirudi dukani nikafanya ambacho nilipaswa kufanya tangu mwanzo. Nilifungua tovuti ya uhamiaji ya nchi ile yenyewe nikasoma. Ilinichukua mchana mmoja. Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele yake. Picha ndogo. Fomu ya mtandaoni inayojazwa ndani ya siku kumi na tano kabla ya kufika, ukachapisha risiti yake. Ada inalipwa pale pale uwanjani, na ni wewe unayechagua: siku kumi na tano, thelathini au tisini. Viza inabandikwa ukifika. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu tunatoka Afrika. Basi. Hapakuwa na mwaliko, mwajiri, ndoa wala mtu wa kusukuma faili. Yule bwana wa Eastleigh alikuwa ameyatunga masharti yale kichwani, mbele yetu, kwa ujasiri.

Chini ya ukurasa palikuwa na orodha ya nchi ambazo watu wake hawapewi viza wakifika. Hao ni lazima waombe mapema kwenye ubalozi. Niliisoma mara tatu, kidole kikiwa kwenye kioo. Somalia ilikuwamo. Ethiopia ilikuwamo. Kenya haikuwamo. Niliichapisha, nikaikunja, nikaiweka kwenye mkoba, kwa sababu mimi ni mtu wa Garissa na najua ni wapi itaulizwa.

Shida ya kwanza ilikuwa pasipoti ya eddo. Ilikuwa ile ya hija, na ilikuwa imebakiza miezi minne. Ilibidi ibadilishwe. Sitaitaja ofisi tuliyokwenda. Nitasema tu kwamba nchi iliyo upande wa pili wa dunia, ambayo haijawahi kumwona eddo, ilimwomba picha moja, na nchi aliyozaliwa, iliyomhesabu, iliyomtoza ushuru wa soko miaka thelathini, iliyokwisha kumpa pasipoti mara moja, ilitaka ithibitishiwe tena kwamba yeye ni mtu wake. Barua ya chifu. Kitambulisho cha baba yake. Tuliambiwa siku hizi mambo hayo yamefutwa, na karani alikubali kwamba yamefutwa, kisha akayataka.

"Baba yangu alikufa Hadado mimi nikiwa na meno ya utotoni," eddo alimwambia kwa Kiswahili chake. "Kitamburisho ilikuwa haijafika Hadado. Hata barabara haijafika. Nilete kaburi?"

Karani, kijana wa bara ambaye hakuwa mbaya ila alikuwa amechoka, alisema yeye anafuata utaratibu.

"Utaratibu ya nani?"

Hakujua. Akaandika kitu kwenye daftari, akatuambia turudi wiki ijayo. Tulirudi wiki ile, na nyingine, na nyingine. Mara ya nne alikuwepo mtu mwingine, mama mzito mwenye miwani, akaitazama pasipoti ya zamani, akauliza kwa nini tumekuwa tukisumbuliwa, akagonga muhuri. Hakuomba radhi wala hakueleza. Pasipoti mpya ilipotoka, tarehe ya kuzaliwa ilikuwa ile ile ya wote, na picha ilimwonyesha eddo amekunja uso kama anayeonja maziwa yaliyoharibika.

Fomu ya Nepal nilimjazia mwenyewe, wiki mbili kabla ya safari. Tulifika kwenye sababu ya safari. Palikuwa na vitu vya kuchagua: utalii, biashara, masomo na vinginevyo.

"Andika ng'ombe," alisema.

"Hakuna ng'ombe. Nachagua utalii."

"Utalii ni nini hasa?"

Nilifikiri. Mtalii ninayemjua ni yule Mzungu anayepita Garissa na msafara wa polisi mbele na nyuma, anapiga picha twiga, haulizi bei ya kitu. "Ni mtu anayekwenda mahali bila kazi," nikasema.

"Mimi nina kazi. Naenda kukagua."

Nikachagua utalii. Kuhusu muda, alikataa siku thelathini. Akasema siku tisini ni matusi, akae kwa nani muda wote huo. Tukachukua kumi na tano.

Asubuhi ya safari tulifika uwanja wa ndege Nairobi mapema kupita kiasi, kwa sababu kutoka Garissa huwa hujui ni mara ngapi utashushwa garini uonyeshe kitambulisho. Foleni ilikuwa fupi. Kwenye kaunta alikuwepo binti aliyejipamba vizuri, mwenye skafu ya kampuni shingoni. Akachukua pasipoti zetu mbili, akatazama mtandio wa eddo, akatazama wangu, akatazama skrini.

"Viza ziko wapi?"

"Tunapewa tukifika," nikasema, nikampa zile risiti za fomu.

Hakuzishika. "Wasomali lazima wawe na viza kabla. Hamwezi kupanda."

Nilikuwa nimeifanyia mazoezi sentensi yangu tangu Garissa, lakini eddo alinitangulia.

"Wapi naandika Somalia kwa hiyo basboti?" aliuliza. "Soma. Mimi nangoja."

"Mama, mimi naangalia mfumo."

"Usiangalie mfumo. Angalia kitabu. Hapo juu naandika nini?"

Yule binti akasoma kimoyomoyo. Kila mtu pale aliona jina la nchi lililokuwa juu ya kitabu kile, pamoja na bwana mmoja mwenye mabegi ya gofu aliyekuwa nyuma yetu. Lakini binti hakuwa tayari kushindwa na herufi za dhahabu. Akafungua ukurasa wa ndani.

"Mahali pa kuzaliwa, Hadado. Hadado ni wapi?"

"Wajir," nikasema.

"Wajir si iko karibu na Somalia?"

"Na Busia iko karibu na Uganda," nikamwambia. "Wa Busia huwa mnawaambiaje?"

Hapo nikatoa ile orodha, nikaikunjua kwenye kaunta, nikaanza kuisoma kwa sauti kama mwalimu wa darasa la pili, nchi moja moja, mpaka mwisho. Nikamuuliza kama ameisikia Kenya mahali popote. Alisema karatasi yoyote inaweza kuchapishwa. Hilo ni kweli, mimi naishi kwa kuzichapisha. Akatuambia tusimame pembeni akamwite msimamizi.

Tulisimama pembeni saa nzima na dakika kadhaa. Yule bwana wa gofu akapita. Familia ya Wahindi ikapita. Wazungu wawili wenye mabuti ya kupanda mlima, ambao kwa maongezi yao walikuwa wakienda huko huko tunakokwenda, walipita bila viza, nao wakaulizwa tu kama wana betri kwenye mabegi. Eddo alikaa juu ya sanduku lake akawatazama wote mmoja mmoja jinsi anavyotazama mitungi.

"Eddo, twende nyumbani?" nilimuuliza. Aibu ilikuwa imenizidi. Nilijisikia kama niliyemleta kudhalilishwa.

"Nani amekuambia nimechoka?" alisema. "Huyu msichana nimemwona. Ni mwoga. Anaogopa kutozwa faini na wakubwa wake. Muache aogope mpaka amalize."

Msimamizi alikuja, mwanamume mnene mwenye simu mbili. Alisoma pasipoti, akapiga simu moja, akasikiliza, akasema "sawa" mara tatu. Kisha akarudisha pasipoti kwa yule binti, akamwambia kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha, "Hawa ni wetu. Wape."

Hawa ni wetu. Nimekwisha kuambiwa maneno mengi ya dharau katika maisha yangu, na sijui kwa nini hayo yaliniuma kuliko mengine. Alikuwa ametuokoa, naye alitupa tabasamu la mtu anayengoja shukrani. Eddo alipokea tikiti yake, akaisoma kama mtu anayejua kusoma Kiingereza, akapita bila kumtazama.

Kufika kwenyewe kulikuwa kitu kidogo sana hata kukamuudhi eddo. Baada ya kubadilisha ndege Uarabuni na kukaa huko masaa, tulitua Kathmandu mchana. Tulilipa ada kwenye dirisha moja, tukapanga foleni kwenye jingine. Ofisa alikuwa mzee mwembamba mwenye sweta. Alitazama picha, akamtazama eddo, akaona uso ni ule ule uliokunjwa.

"Siku kumi na tano?" aliuliza kwa Kiingereza.

Nikasema ndiyo. Akabandika, akagonga, akaturudishia.

Eddo hakuondoka. Alikuwa ameshika mfuko wa nailoni uliojaa: barua ya chifu, cheti cha kifo cha mume, hati ya hija, picha ya zamani ya kaka yake aliyevaa sare ya jeshi la Kenya. Alikuwa amejiandaa.

"Amemaliza?" aliniuliza kwa Kisomali.

"Amemaliza."

"Hajaniuliza baba yangu ni nani."

"Hahitaji."

Alitembea hatua kadhaa, kisha akasema kwa dharau tupu, "Nchi gani hii inaingiza watu bila kuwajua?" Nilimwambia ndivyo nchi zinavyofanya kwa watalii. Akasema basi watalii ni watu wasio na maana, kama hakuna anayejali ni watoto wa nani.

Alipata alichotaka, kuulizwa makaratasi, siku ya tatu. Kumbe viza ni ya kuingia nchini tu. Ukitaka kupanda kwenye mabonde ya juu waliko yaki, unahitaji kibali cha hifadhi, chenye picha nyingine, na ukitaka kwenda mbele zaidi, karibu na mpaka wa China, kuna kibali kingine cha eneo lililofungwa, na hicho tulikiacha kwa sababu ya bei yake. Kiongozi wetu wa safari, mwanamume wa makamo mwenye kofia ya sufu, alitueleza haya yote ofisini, kisanduku kwa kisanduku cha fomu, nami nikajikuta nikiwasahihisha makarani wa watu jinsi ya kupanga foleni. Kazi yangu ilikuwa imenifuata mpaka Himalaya.

Tulikwenda kwa ndege ndogo, kisha kwa jipu siku mbili kwenye barabara ambayo barabara ya Wajir ingeicheka. Njiani palikuwa na vituo vya ukaguzi. Katika kila kituo wenyeji walibaki garini wakitafuna karanga, na sisi wawili tukashuka tukaonyesha makaratasi yetu.

Mara ya pili eddo aliporudi garini alikunja makaratasi yake.

"Unaona," alisema, "hapa wana haki. Hapa mimi ni mgeni kweli."

Kwenye kizuizi cha nyumbani, wanaoshushwa ni sisi, na mwalimu wa bara aliyehamishiwa Garissa juzi hubaki kwenye kiti chake. Nimeshuka pale tangu nikiwa na sare ya shule.

Bondeni juu palikuwa na baridi ya kuuma meno, na hewa ilikuwa nyepesi, ukitembea hatua kumi unasimama. Eddo alivaa nguo zake zote kwa pamoja, na udhu wa alfajiri aliufanya huku akiwatukana, kwa upole, waliochagua kuishi pale. Alikula wali, dengu na mayai tu kwa siku zote. Alidharau milima. Kiongozi alisimamisha jipu mara tano atuonyeshe kilele fulani chenye sifa, na kila mara eddo alikitazama kidogo akauliza, "Na chini yake wanachunga nini?"

Yaki tuliwakuta nje ya kijiji, kwenye uwanda wa mawe na majani mafupi ya manjano. Walikuwa kama ishirini hivi, wameshushwa kutoka malisho ya juu kwa kuwa majira ya baridi yalikaribia. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa umri wa eddo, mwenye mashavu yaliyochomwa na upepo na aproni yenye mistari. Alizungumza lugha yake, kiongozi akaigeuza Kiingereza, mimi nikaigeuza Kisomali, na majibu yakarudi kwa njia hiyo hiyo ndefu.

Eddo alizunguka mnyama mmoja taratibu. Akamgusa manyoya, akapenyeza mkono mpaka kwenye ngozi, akatazama kwato, akatazama meno.

"Ni ng'ombe aliyevaa blanketi," aliamua.

Nilimwambia kiongozi amwambie mama yule kwamba mgeni amewapenda. Eddo, ambaye haelewi Kiingereza lakini anaelewa uongo, aliniamuru niseme alichosema. Nikasema. Yule mwanamke akacheka mpaka akashika magoti.

Kisha eddo akauliza maziwa ya yaki yanakaa muda gani kabla ya kuchacha. Swali lilipofika, yule mwanamke akamtazama kwa mshangao, na jibu lilikuja pamoja na kicheko kingine. Yaki, alisema, ni dume. Jike lina jina lake, nak. Watu wa mbali wote huja kuuliza maziwa ya yaki, na huku ni kama kuuliza maziwa ya fahali.

Nilijiandaa kwa hasira. Eddo hajawahi kuchekwa sokoni akakubali. Lakini alifunika mdomo kwa mtandio, mabega yakatikisika, akanigeukia. "Na wewe siku zote umeniambia yaki," alisema. "Mtu wa kompyuta."

Alimkamua nak mmoja. Alisogea, akachuchumaa kama msichana, na magoti aliyokuwa akiyalalamikia tangu Nairobi hayakusikika. Mnyama alijisogeza kidogo kisha akatulia. Maziwa yalitoka machache, mazito, ya rangi ya siagi. Akaonja. Nilimwona akitafuta kasoro katika ladha ile, na hakutema. Alisema tu kwamba mafuta yamezidi, na kwamba mgonjwa hawezi kuyanywa.

Tulikaa kwenye jiwe, tukapewa chai yenye chumvi. Eddo aliuliza wanyama huenda wapi malisho yakiisha. Yule mwanamke akaonyesha kwa kidevu upande wa kaskazini. Zamani baba yake aliwavusha ng'ambo ya mlima kila mwaka, kwa ndugu zao wa upande wa pili. Sasa kuna waya na askari. Ndugu wako kule, majani yako kule, na wanyama wanabaki huku na kupungua.

Nilimgeuzia eddo hayo. Mama yake alitoka Lafey, mpakani na Somalia, na ana binamu ambao hajawahi kuwaona kwa sababu mstari wa mpaka umepita katikati ya kisima chao.

"Mwambie nimeelewa," alisema. "Usiongeze kitu."

Wakati wa kuagana walishikana mikono yote miwili kwa muda mrefu, wakasemeshana kila mmoja kwa lugha yake, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyetuomba tutafsiri.

Tulirudi Garissa siku ya kumi na nne, siku moja kabla viza haijaisha, na hapo ndipo nilipotambua kwamba hakuna mtu aliyetuamini. Hakuna mwanamke wa Garissa wa umri ule anayekwenda nchi ya mbali bila kazi, hija au harusi. Watu walikaa, wakapima, wakaamua: Nepal iko karibu na India, na India watu wetu huenda kutibiwa figo. Wiki ile ile wanawake wa soko walianza kuja nyumbani kwake kumpa pole. Walileta sukari, tende, nyama ya kukaanga iliyohifadhiwa kwenye samli. Walimkuta amelala kwenye mkeka kwa uchovu wa safari, na hilo likamaliza ubishi.

Siku mbili za kwanza alikanusha. Aliwaonyesha picha za nak kwenye simu, akawaeleza kuhusu manyoya na mafuta ya maziwa. Wakamsikiliza kwa huruma, wakitazamana, kama unavyomsikiliza mgonjwa. Shemeji yake alinivuta pembeni akaniuliza kama dawa za kule zinavuruga akili. Nikamwambia kwa ukali kwamba eddo alikwenda kutalii, na nikaona machoni mwake kwamba na mimi nimeingizwa kwenye orodha ya wagonjwa.

Siku ya tatu nilimkuta eddo amejifunika shuka, mto mgongoni, anapokea wageni kama mtu aliyefanyiwa upasuaji. Sahani za tende zilikuwa zimejaa kando yake. Jirani mmoja aliinama akamuuliza madaktari wamesemaje.

"Wamesema nisiulizwe maswali," eddo akajibu, akafumba macho.

Jirani akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasogeza sahani karibu yake, na hakuna aliyemuuliza kitu tena mpaka adhana ya alasiri.